Dirisha la Inchi Ishirini

Sehemu ya Sita

"Jasho limekata, mwanangu! Mgongo mkavu, kwapa kavu. Mume wako amepona!"

Kwa maneno hayo ya mama mkwe tulifunga ukurasa wiki iliyopita, na najua wapo wasomaji waliopiga vigelegele naye. Nawasamehe. Hawakuwepo siku Hamira alipoanguka mbele ya tanuri lake la mikate, wala hawakumsikia daktari siku ya kumruhusu kutoka hospitali. Daktari alimwambia mkewe hivi: mwili wa huyu bwana umesahau kujipoza. Akitoka jasho, mshukuru Mungu. Jasho likikata na ngozi ingali ya moto, anza kukimbia.

Mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Sindano, alikuwa dukani katikati ya viyoyozi viwili, simu sikioni.

"Mama, mguse kifuani. Ni wa baridi au wa moto?"

"Wa moto. Lakini moto wa afya."

"Anaongea?"

"Sana! Ananiambia mikate inaungua, niitoe."

Hamira alikuwa hajagusa unga wiki ya tatu sasa.

"Mama, mmwagie maji mwili mzima. Mpepee. Mtoe hilo blanketi."

"Nimtoe blanketi, mtoto abaki uchi?"

"Mtoe, mama! Nakuomba!"

Akakata, akampigia daktari. Daktari hakusalimia.

"Chumba kina nyuzi joto ngapi?"

"Asubuhi zilikuwa thelathini na tatu."

"Zishuke chini ya ishirini na sita kabla ya saa nane. Jua likishahamia upande wa dirisha lenu hamtaliweza tena."

"Nimlete hospitali?"

"Umlete wapi? Wodi zimejaa watu wa joto, wengine wamelala sakafuni, na feni zetu zinapuliza moto. Nikipata gari la wagonjwa nitalituma. Usilisubiri."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika tano.

"Chukua hili," alisema shemeji yake, mdogo wake Hamira, dereva wa gari la kusambaza mikate. Alikuwa amekumbatia kiyoyozi kikubwa kuliko kifua chake. "Hili ndilo baba lao."

Muuzaji, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyopandishwa juu ya kilemba, alimtazama kama mtu anayetazama mtoto akichezea kisu.

"Chumba kina ukubwa gani, dada?" alimuuliza Sindano.

"Hatua nne kwa tatu. Kilikuwa stoo ya unga."

"Kina dari?"

"Bati. Chini yake nimeshonea magunia."

"Basi achana na hilo baba lao. Hilo litapoza hewa dakika tano, lijione limemaliza kazi, lizime. Unyevu utabaki humo humo ndani, mgonjwa abaki kama nguo iliyoanikwa siku ya mawingu. Kisha liwake tena kwa kishindo. Na nyaya za stoo ya unga zitalibeba? Likiwaka mara ya pili fyuzi imekwenda, hata feni huna."

"Mama, wewe si ndiye unayeuza?" alifoka shemeji. "Mbona unakataa kuuza kubwa?"

"Nauza, baba. Ila sitaki kusikia matanga yako kesho."

Akagonga kile kidogo kwa ukucha. "Hiki kinakwenda polepole, hakizimiki ovyo, kinakausha hewa. Tena ni kiyoyozi kijanja, kinaongea na simu. Ukiwa popote unaona chumba kina nyuzi ngapi. Unawasha, unazima, unapunguza, hata ukiwa sokoni."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Sindano hadi kwenye mfupa. Wiki tatu alikuwa anashona mishono mitano, anainuka, anakimbia kuchungulia. Anashona mitano mingine, anainuka tena. Kinachomuua mtu ni nini, kama si kule kutojua?

"Nipe hiki."

"Samahani," ilisema sauti nyuma yake. "Hicho nimeshakishika mimi."

Alikuwa bwana wa tai, na kweli mkono wake ulikuwa juu ya boksi. Hatujui aliuweka lini. Kwa joto lile duka lilikuwa limefagiliwa tangu asubuhi, zimebaki mashine hizo mbili tu, na watu walikuwa wanashikashika maboksi kama wanaokamata kuku.

"Ni cha nani?" Sindano aliuliza.

"Cha ofisi. Chumba cha kompyuta."

"Kompyuta zako zikifa utanunua nyingine?"

"Bila shaka, lakini..."

"Changu ni cha mume wangu. Anasema mikate inaungua na hakuna mkate. Bwana, nakuomba. Nitakupigia magoti hapa hapa, mbele ya watu, na suti yako hiyo nitakushonea nyingine bure."

Bwana wa tai alimtazama, akautazama mkono wake mwenyewe, akauondoa. Akachukua lile kubwa. Wapo watu wema duniani, ila mara nyingi inabidi waaibishwe kidogo kwanza.

"Dirisha lina upana gani?" muuzaji aliuliza, kalamu mkononi.

Sindano akafungua daftari lake la vipimo. Kati ya gauni la bibi harusi mmoja na suruali ya mwalimu mmoja, ilikuwepo: dirisha, ishirini na mbili.

"Inchi ishirini na mbili."

"Safi. Hiki ni ishirini na moja. Inchi inayobaki unaziba kwa vitambaa. Kiinamishe kidogo kwa nje ili maji yatokee nje. Wahi, dada."

Waliwahi. Shemeji aliendesha gari la mikate kama mtu aliyeambiwa mikate yote ya mji imeoza kwa pamoja. Saa saba kamili walikuwa nje ya chumba, na mama mkwe alikuwa mlangoni, ule mlango mzito wa chuma uliobaki tangu enzi za unga.

"Sasa ananiita dada," alisema. Furaha yake ya asubuhi ilikuwa imepungua.

Ndani, Hamira alikuwa amelala kitandani chini ya dirisha, macho nusu, midomo imepasuka. Maji aliyomwagiwa yalikuwa yameshakauka. Kipimajoto cha ukutani kilisema thelathini na nne.

"Baba, nimekuja," Sindano alimwambia.

"Geuza trei," alisema Hamira.

Sindano akatoka mbio. Nje chini ya dirisha walihitaji kitu cha kubebea mgongo wa kiyoyozi, na hakukuwa na muda wa kutafuta fundi wa vyuma. Aliingia kwenye kibanda chake, akaing'oa cherehani juu ya miguu yake ya chuma, akailaza chini kama mtoto, akaiburuta ile miguu mpaka ukutani. Urefu ulitosha kwa kuongeza tofali moja kila upande.

"Haya, nyanyua."

Wakanyanyua.

"Ingiza upande wako."

"Nimeingiza."

"Hujaingiza, shemeji."

"Nimeingiza! Upande wako ndio umekwama."

"Kizungushe kidogo."

"Kwani mkate huu? Kimegota!"

Wakakishusha. Sindano akavuta futi shingoni, ile ya kitambaa anayopimia viuno vya watu, akailaza kwenye dirisha. Akailaza tena. Shemeji akachungulia juu ya bega lake.

"Ishirini," alisoma. "Ishirini kamili. Daftari lako limesema ishirini na mbili. Ulipima dirisha la nani?"

Sindano akaisoma mwenyewe. Uso wake ulibadilika rangi, kisha akaanza kucheka, na kile kicheko, msomaji, usiombe kukisikia.

"Nimeongeza ya mshono."

"Ya nini?"

"Ya mshono, shemeji! Inchi huku, inchi kule! Miaka kumi na tisa sijaandika kipimo cha mtu bila kuongeza ya mshono. Mkono umeandika wenyewe!"

Usimcheke. Kwenye nguo kosa hilo ni wema: ikizidi unapunguza, mteja akinenepa unaachia. Lakini ukuta hauna pindo. Mwanamke huyu alikuwa amekataa mashine kubwa, amemnyang'anya bwana wa watu kiyoyozi chake, ameing'oa cherehani inayowalisha, na sasa mumewe alikuwa anakufa kwa sababu ya inchi mbili alizoziongeza kwa mkono wake. Alikaa chini kwenye vumbi, akajipiga paji la uso kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nimemuua. Nimemuua Hamira kwa futi."

"Nirudi dukani?" shemeji aliuliza. "Nikachukue kingine?"

"Kipi? Si umeona kimebaki kipi? Na kimeshabebwa."

"Basi nivunje ukuta."

"Ukuta wenyewe unashikilia bati. Utatuangushia paa."

"Basi tufanyeje, shemeji? Sema! Tufanyeje?"

Kutoka ndani mama mkwe aliita: "Huyu amenyamaza!"

Sindano aliinuka kama aliyechomwa. Akalishika dirisha kwa mikono yote miwili, akatikisa. Na hapo, nadhani kwa sababu mikono yake ina akili kuliko hofu yake, vidole vilihisi kitu. Ile haikuwa sementi. Kando ya kioo palikuwa na fremu ya mbao, nene karibu inchi nzima, kila upande.

"Nguo ikibana unafanyaje?" alisema.

"Mimi ni dereva, shemeji. Sijui mambo ya nguo."

"Unafumua. Lete nyundo. Tunaifumua hii fremu yote."

Shemeji alileta nyundo na bisibisi kubwa ya gari. Msumari wa kwanza ulitoka ukilia, wa pili ukafuata. Wa tatu ulikuwa na kutu, ukakataa. Shemeji akapiga kwa hasira, kioo kikapasuka, kipande kikamkata kiganja kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kifundo cha mkono.

"Toka," Sindano alisema, akampokonya nyundo.

"Naweza!"

"Unamwaga damu juu ya kaka yako. Toka!"

Alifumua peke yake. Alitumia bisibisi, akatumia mkasi wake wa kukatia suti, mkasi ambao huwa hamwazimi mtu yeyote, akauvunja ncha. Saa saba na dakika ishirini na tano fremu ilianguka yote upande wa nje. Wakanyanyua kiyoyozi, shemeji akisukuma kwa kiwiko, na kiyoyozi kikaingia. Kilipita kikikwaruza, lakini kiliingia. Misumari ya kukishikilia hawakuwa nayo, kikaachwa kimekaa tu juu ya miguu ya cherehani, kimeinama kwa nje. Mianya ikazibwa kwa vipande vya vitenge, satini ya bi harusi na mfuko mzima wa suruali ya mwalimu.

Mama mkwe akachomeka waya nyuma ya kitanda. Mashine ikakohoa, ikanguruma.

Sindano akashika simu. Inatafuta kifaa. Inatafuta kifaa. Inatafuta kifaa. Alitaka kuitupa ukutani. Kisha kikatokea: nyuzi thelathini na nne.

Thelathini na tatu.

Thelathini na moja. Shemeji alikuwa amejifunga kiganja kwa kitambaa, anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. "Ishirini na tisa, shemeji! Ishirini na nane!"

Ilipofika ishirini na sita, dakika kumi kabla ya saa nane, Hamira alifumbua macho yote mawili. Akatazama magunia juu, akatazama satini ya bi harusi dirishani, akamtazama mkewe.

"Sindano," alisema. "Mbona una damu?"

Alimwita jina. Sindano alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka shavu kwenye mkono wa mumewe, akalia kilio ambacho alikuwa anakibana tangu tanuri lile. Ngozi ilikuwa bado ya moto, lakini siyo moto ule.

Akampigia daktari.

"Vizuri sana," daktari alisema. "Umempa saa kadhaa. Lakini amekauka, maji ya kunywa hayatoshi, anahitaji ya mshipani. Nenda zahanati ya jirani, mchukue nesi aje na dripu. Nitamwambia. Nenda mwenyewe, atataka ndugu atie saini."

"Nimwache?"

"Si una mashine inayokwambia kila kitu? Nenda."

Hapo ndipo, kama ningekuwepo, ningemshika gauni. Lakini sikuwepo, na wewe hukuwepo.

"Mama, tunakwenda zahanati," alimwambia mama mkwe. "Shemeji naye akashonwe mkono. Dakika arobaini tu. Funga mlango, baridi isitoke."

"Huu mlango haukai bila komeo."

"Basi tia komeo, mama. Na usiguse kitu kingine."

"Kwani mimi mtoto?" alisema mama mkwe, akajifunga kanga yake vizuri, akakaa kwenye kigoda kando ya mwanawe.

"Ningekushona mwenyewe," Sindano alimwambia shemeji wakiwa kwenye gari, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu asubuhi, "ila ningekuongezea inchi mbili."

Zahanati ilijaa. Nesi alikuwa mmoja, mwanamke mrefu asiye na maneno, akamkalisha shemeji, akaanza kushona. Sindano aliketi karibu, simu kwenye mapaja. Ishirini na tano. Akatia saini fomu. Ishirini na tano. Moyo ulianza kukaa mahali pake.

Ishirini na sita.

Akaitikisa simu. Ishirini na saba.

Chini ya namba paliandikwa kwa herufi ndogo: Imezimwa.

"Umeme umekatika," alisema shemeji.

"Umeme ukikatika haisemi hivi."

Akabonyeza kuwasha. Imewashwa. Akashusha pumzi. Sekunde kumi hazikupita: Imezimwa.

Akawasha. Ikazimwa. Akawasha. Ikazimwa. Kuna mkono kule, na mwenye nguvu ya kuzima chumbani mle alikuwa mmoja tu. Akapiga simu.

"Mama! Nani anazima?"

"Mimi," mama mkwe alisema bila wasiwasi. "Hii mashine yako ina wazimu. Naizima, inawaka yenyewe."

"Mimi ndiye ninayeiwasha! Kwa simu! Iache, mama!"

"Unaiwasha wewe? Uko huko, unamwua mwanangu huku?"

"Mama..."

"Nimemgusa miguu. Ya baridi kama samaki. Hilo dude linampuliza kifuani, na anatetemeka. Nimemfunika."

"Umemfunika nini?"

"Blanketi. Mawili."

"Mama, yatoe! Daktari amesema..."

"Daktari hakumzaa!" Sauti ya mama mkwe ilipanda, kisha ikavunjika. "Sikiliza wewe. Kabla ya huyu nilizaa mwingine. Hamkuwahi kuambiwa, hata mume wako hajui. Mwezi mmoja na nusu. Niliacha dirisha wazi kwa sababu ya joto, nikalala, nikamkuta kifua kimebana. Siku ya tatu nikamzika. Nilimwua kwa baridi, mwanangu. Kwa mikono yangu hii hii. Wa pili simziki."

Sindano alifunga macho. Wanawake wawili, mume wa mmoja, mwana wa mwingine, na kila mmoja alikuwa anamwokoa.

"Mama yangu," alisema taratibu. "Pole. Pole sana, mama. Lakini huyu si yule. Huyu anauawa na joto. Mkono wangu na wako tusishindane. Niachie mimi niwashe, na kama nimekosea nizikwe mimi. Nawasha sasa. Umesikia?"

Akawasha. Namba ilikuwa thelathini. Imewashwa.

Sekunde kumi. Ishirini. Imewashwa bado. Sindano akamtazama nesi, nesi akakata uzi wa mwisho.

Kisha simu ikaandika kitu ambacho hakuwa amekiona: Kifaa hakipatikani.

"Mama? Mama!"

"Nimeung'oa mkia wake ukutani," sauti ilisema, imechoka. "Tulia sasa, mwanangu. Acha apate joto kidogo."

Simu ikakatika. Alipiga tena, ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikanyamaza.

"Dada nesi, twende."

"Nichukue glovu..."

"Twende hivyo hivyo!"

Sitakueleza njia walivyoipita. Shemeji aliendesha kwa mkono mmoja, nesi amekumbatia dripu kama anayebeba mayai, na Sindano akapiga simu mara kumi na moja bila kujibiwa. Jua lilikuwa limehama. Saa tisa kasoro robo lilikuwa limelilalia bati lote na ukuta wote wa dirisha, na walipofika, Sindano aliugusa mlango wa chuma akauachia haraka, umemchoma.

"Mama! Fungua!"

Akaugonga kwa ngumi.

"Mama, ni mimi! Hamira! Baba!"

Shemeji akaupiga teke. Mlango uliotengenezwa kuzuia wezi wa unga haukushtuka. Akaupiga bega, akaupiga nyundo, komeo likabaki mahali pake. Alipopiga mara ya mwisho, mtu ndani alikohoa, au labda ilikuwa bati likitanuka kwa jua.

"Chumba cha namna hii, kimefungwa, jua hili," nesi alisema kwa sauti ndogo, "na bibi mzee naye yumo..."

Wakazunguka upande wa dirisha. Na hapo, msomaji, ndipo Sindano alipoelewa alichokifanya. Chumba kile kilikuwa na tundu moja tu la kuingilia zaidi ya mlango, na tundu hilo alikuwa amelijaza kwa mikono yake mpaka hata wembe usipite. Kusukuma kiyoyozi kwa ndani ni kumwangushia mumewe kifuani, kwa kuwa kitanda kiko chini yake. Kukivuta kwa nje ni kukiangusha kwenye mawe.

"Kikianguka kimekwisha," alisema shemeji. "Hatuna kingine. Duka zima halina kingine."

"Nikikiacha, watakufa na kiyoyozi kizima."

"Sema wewe, shemeji. Mimi siwezi kusema."

Sindano aliitazama ile mashine, imekaa kimya juu ya miguu ya cherehani yake. Aliichagua kwa akili zake zote. Akachomoa satini, akachomoa vitenge, akaingiza vidole kwenye mwanya, shemeji akaingiza mkono wake mzima upande wa pili.

"Vuta."

Kilikwaruza sementi. Kikatoka nusu.

"Vuta!"

Miguu ya chuma ilipinda, tofali moja likaponyoka, kiyoyozi kikainama wote wakiwa wamekibeba vifuani. Na wakati huo huo, mikononi mwao, mashine ikatetemeka, ikakohoa, ikanguruma. Upepo wa moto kutoka mgongoni mwake uliwapiga usoni. Ilikuwa imewaka.

Waya ulikuwa umekazika kwa ndani, umenyooka kama uzi wa kushonea. Kisha kwenye ule mwanya ikatoka sauti, nyembamba, ya mtu aliyetambaa sakafuni na hana pumzi ya kutambaa tena.

"Msivute," alisema Hamira. "Nimeuchomeka mimi. Mama amezimia, nimemlaza pale upepo unapofika. Mkivuta waya unatoka, na mimi siufikii mara ya pili."